Kampuni yangu ya programu za ulinzi imeshutumiwa hadharani: nijibu vipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina kampuni ndogo hapa Malindi, tuko watu watano. Tunatengeneza na kuuza programu ya kulinda kompyuta dhidi ya virusi na wadukuzi. Wateja wetu wengi ni hoteli na nyumba za wageni, kuanzia Watamu mpaka Shela huko kwenu Lamu. Wiki iliyopita kijana anayetunza kompyuta za hoteli moja ya Watamu alituandika kwenye Facebook. Anadai mambo matatu: kwamba sasisho letu la Jumamosi lilifungia daftari la wageni la hoteli yake likidhani ni kirusi, kwamba nenosiri la msimamizi ni moja kwa wateja wetu wote, na kwamba tunachukua pasipoti za wageni tunaziuza. La kwanza ni kweli na tumesharekebisha. La pili, mwongozo wetu unamwambia mteja abadilishe nenosiri. La tatu ni uongo mtupu. Ameweka pia picha ya bango letu lililoandikwa "Ulinzi wa asilimia 100". Wateja wananiuliza kwenye kundi la WhatsApp, nami sijajibu. Mwanasheria ameshaandaa barua ya kudai tumechafuliwa jina. Mwenzangu anataka tumpigie meneja wa hoteli amnyamazishe kijana, na wafanyakazi wetu watuandikie sifa kwa majina mengine. Mwingine anasema tumwajiri tu, maneno yaishe. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Barua ya mwanasheria isitoke, simu kwa meneja isipigwe, na sifa za majina ya bandia zisiandikwe. Nayatanguliza haya kwa sababu yote matatu yanaweza kufanyika leo kabla ya magharibi, na yakishafanyika hayarudishiki.

Fikiria kwanza mteja wako amenunua nini. Programu ya ulinzi huingia kwenye kompyuta kwa ruhusa kubwa kuliko karibu programu nyingine zote. Hufungua kila faili, huweza kuizuia programu nyingine isifanye kazi, na huwa imeshaamka kabla mhudumu wa mapokezi hajaingiza nenosiri lake. Mwenye hoteli hana njia ya kuhakikisha kwamba ruhusa hiyo inatumiwa vizuri. Hajui kama kilichozuiwa jana kilikuwa kirusi kweli, wala kama kuna kilichopita bila kuonekana. Amekuamini, basi. Sasa ametokea mtu asiye na biashara nawe, ametazama ndani, anasema ameona haya na haya. Wateja wako wanangoja kujua kama nawe umekwenda kutazama. Nahodha akifika kwa mafundi wa majahazi wa Matondoni akasema chombo kinavuja, fundi hamuulizi ametumwa na nani. Hushuka kukagua kalafati.

Kwa hiyo jibu hoja, usimjibu mtu. Ukimgusa kijana, elimu yake, mwajiri wake au nia yake, umeshawaambia wateja kwamba huna la kusema juu ya nenosiri.

Kuhusu mwanasheria, tazama yaliyoipata Keeper, kampuni ya Marekani yenye programu ya kutunza manenosiri. Desemba 2017 mtafiti wa Google, Tavis Ormandy, aliwaarifu kuhusu tundu katika programu yao. Kiufundi walifanya vizuri: kwa muda wa siku moja hivi marekebisho yalikuwa yametoka. Kisha wakamshtaki mwandishi wa habari Dan Goodin pamoja na jarida lake, Ars Technica, kwa jinsi tukio lilivyoandikwa. Tundu lililokwisha kuzibwa likawa habari upya, na watafiti wa usalama wakaisema kampuni kwa ukali ambao isingeupata kwa kosa lenyewe. Kesi iliisha kwa mapatano mwaka uliofuata. Kazi nzuri ya mafundi wao imesahaulika. Kinachokumbukwa ni kesi.

Au itazame FireEye, kampuni ya Marekani ya ulinzi wa kompyuta, ambayo imetuachia sura mbili. Mwaka 2015 watafiti wa kampuni ya Ujerumani iitwayo ERNW walipata kasoro katika mitambo yake. FireEye ilirekebisha, lakini ikaenda mahakamani Hamburg ikapata amri ya kuzuia baadhi ya maelezo yasitolewe, ikisema inalinda siri za ubunifu wake. Mtafiti alipopanda jukwaani London Septemba ile, sehemu za mada yake zilikuwa zimefutwa, na gumzo lote likawa juu ya kilichofutwa. Miaka mitano baadaye, tarehe 8 Desemba 2020, kampuni hiyo hiyo ilitangaza yenyewe kwamba imedukuliwa na kuibiwa zana zake za kupima ulinzi wa wateja. Papo hapo ikatoa bure mamia ya kanuni za kuzitambua zana hizo, ili mwizi asiweze kuzitumia kwa siri. Siku tano baadaye ikaeleza kwamba chanzo ni sasisho lililotiwa sumu la programu ya kampuni nyingine, SolarWinds, na kwa tangazo hilo taasisi nyingi, zikiwemo wizara za serikali ya Marekani, zikajua kwamba nazo zimeingiliwa. Kampuni ya ulinzi kuibiwa ni aibu kubwa. Hata hivyo jina la FireEye lilitoka pale na heshima, kwa sababu walichokijua walikigeuza kuwa kinga kwa wengine.

Simu kwa meneja naiona mbaya kuliko barua. Barua angalau inajulikana imetoka wapi. Simu ni ya kumtisha mtu riziki yake, na kati ya Malindi na Watamu haitachukua siku mbili kabla watu hawajajua nani alimpigia nani. Hoteli nyingine zenye vijana wa kompyuta zitajifunza kwamba ukiona kasoro katika programu yenu, nyamaza. Hapo utakuwa umewaziba macho watu pekee wanaokutazamia kazi yako bila malipo. Wala usimtishe kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Sheria hiyo inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila idhini. Kwa maelezo yako mwenyewe, huyu alikuwa kwenye kompyuta alizoajiriwa kuzitunza.

Sasa la kufanya. Wiki nzima bila neno ni ndefu mno. Huku kwetu unajua watu husemaje mtu akinyamaza: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Jibu la kwanza litoke leo usiku, hata kama hujajua kila kitu. Lakini kabla hujaandika, fanya upekuzi mmoja. Fungua barua pepe zote za kampuni, ikiwemo ya mauzo na ile ya fundi aliyeondoka, na ujumbe wa simu ya ofisi, utafute kama kijana huyu aliwahi kuwaandikia. Wengi wanaolalamika hadharani walianza kwa kubisha hodi wakakosa wa kuwaitikia. Ukikuta aliandika na hakujibiwa, hilo nalo liseme, tena mwanzoni, kwa sababu yeye ana ujumbe huo na ataubandika.

Ningekuwa wewe ningeandika hivi, kwa jina lako kama mwenye kampuni:

"Kwa wateja wetu wote. Jumamosi tulituma sasisho lenye kasoro. Programu yetu ilifungia daftari za wageni za baadhi ya hoteli ikidhani ni virusi. Tulikosea, na tunawaomba radhi. Kurudisha faili yako: fungua programu, bonyeza Karantini, chagua faili, bonyeza Rudisha. Ikikataa, piga nambari hii. Tunapokea mpaka saa sita usiku. Pili, nenosiri la msimamizi linalokuja na programu ni moja kwa wote. Libadilishe usiku huu hata kama hujapata tatizo lolote. Hatua ziko hapa chini, na tutampigia kila mteja kuhakikisha. Tatu, tumeulizwa kama tunauza pasipoti za wageni. Hatuuzi. Tunakagua ni faili zipi hutoka kwenye kompyuta zenu kuja kwenye seva yetu, na Ijumaa saa kumi jioni tutawaandikia tulichokikuta. Aliyetuarifu haya tumemwandikia kumshukuru na kumwomba maelezo zaidi."

Angalia mpangilio. Mteja anapata kitu cha kufanya kwa mkono wake kabla hajafika kwenye maelezo yako. Usitumie ile "tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza" ya matangazo; sema nani alifanya nini. Saa ya Ijumaa ikifika, andika, hata kama la kuandika ni kwamba ukaguzi unaendelea. Na lile neno "hatuuzi" usiliweke mpaka uwe umemuuliza kila mmoja wa wenzako wanne, na umejua seva yenu ni ya nani na nani mwingine ana funguo zake.

Ujumbe uwe kwa Kiswahili na Kiingereza, na kwa wateja wako wa Malindi uongeze Kiitaliano. Wenye nyumba wengi hapo ni Waitaliano, na mtu akiogopa husoma vizuri zaidi katika lugha yake. Ubandike palepale kijana alipoandika, na katika kundi la WhatsApp. Usifute maoni ya mtu, hata yenye maneno makali.

Tuje kwenye hoja zenyewe, moja moja.

Ya sasisho la Jumamosi unasema "tumesharekebisha", kana kwamba limekwisha. Kwako limekwisha. Kwa mteja bado, kwa sababu hajui lilitokeaje, kwa hiyo hajui kama litarudi Jumamosi ijayo. Kufungia faili salama ni ajali inayowapata hata wakubwa: tarehe 21 Aprili 2010 McAfee, kampuni ya programu za kuzuia virusi, ilituma sasisho lililomwona svchost.exe, kiungo halali cha Windows XP chenyewe, kuwa ni kirusi, na kompyuta za maofisini zikawa zinazima na kuwaka zenyewe bila kukoma. Daftari za wageni ninazoziona kwenye nyumba za Shela na Mkomani nyingi ni faili za Excel zenye makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili, zilizorithiwa kutoka hoteli moja hadi nyingine, na makro inayoandika kwenye faili nyingine hufanana mno na mwenendo wa kirusi. Kama daftari la Watamu ni la jamii hiyo, basi hoteli iliyolalamika si peke yake. Kusanya nakala tupu za daftari za wateja wako, zisizo na majina ya wageni, na kila sasisho lipimwe juu yake kabla ya kutoka.

Kisa cha CrowdStrike, kampuni nyingine ya Marekani ya ulinzi wa kompyuta, nakuomba ukisome kwa makini, kwa mema na mabaya yake. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu, walituma faili ya sasisho iliyoangusha kompyuta za Windows zikabaki na skrini ya buluu. Waliiondoa baada ya dakika 78, lakini Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeshaguswa. Ndege hazikuruka, hospitali na benki zikakwama. Tangazo la kwanza la mkurugenzi wao, George Kurtz, lilieleza kwamba si shambulio la wadukuzi na kwamba marekebisho yametolewa. Lilikuwa sahihi, ila halikuwa na neno la radhi, na watu waliokuwa wamelala kwenye viwanja vya ndege waliliona hilo mara moja. Radhi aliiomba baadaye siku hiyo kwenye televisheni. Siku chache mbele wakawatumia washirika wao waliohangaika na marekebisho kadi za chakula za dola 10. Nia huenda ilikuwa njema, lakini mtu aliyekesha siku mbili akirekebisha mashine za mteja akiletewa bei ya kahawa huona kazi yake imepimwa.

Kilichowaokoa ni ripoti. Tarehe 6 Agosti walitoa uchambuzi kamili ambao fundi yeyote anaweza kuufuata: kiolezo kipya kilihitaji vipengele 21, msimbo uliokuwa kwenye kompyuta ukawa unaleta 20, vipimo havikuligundua hilo kwa sababu wakati wa kupima kipengele cha 21 kilikuwa kimewekwa kikubali chochote. Wakaeleza na wanachobadilisha, likiwemo la kupeleka masasisho kwa awamu, kundi dogo kwanza. Mwezi huo huo rais wa kampuni, Michael Sentonas, alikwenda mwenyewe Las Vegas kupokea mbele ya wadukuzi na watafiti tuzo ya kosa kubwa la mwaka, akasema wazi kwamba walikosea vibaya. Ukumbi ulimpigia makofi. Ripoti yako iwe ya namna hiyo: nini kilitokea, kilianza na kwisha saa ngapi, kiligusa wateja wangapi, kwa nini vipimo vyenu havikukiona, na nini kimebadilika. Kurasa mbili zinatosha.

Kuna jambo jingine katika kisa kile linalotuhusu sana sisi wa visiwani. Kompyuta nyingi ziliponywa kwa mkono, moja moja: kuiwasha kwa hali salama, kufuta faili moja, kuiwasha tena. Sasa chukua nyumba ya wageni ya Shela. Fundi wako atoke Malindi kwa barabara mpaka Mokowe, apande boti aje Amu mjini, kisha boti nyingine. Siku nzima imekwisha kwa kompyuta moja. Kwa hiyo ndani ya tangazo lako kuwe na tiba ambayo mhudumu wa mapokezi anaweza kuifanya akisomewa kwa simu, bila intaneti. Ijaribu leo kwa mtu asiyejua kompyuta, umsikilize anakwama wapi, ndipo uitume.

Hoja ya pili, ya nenosiri. Hapa nitakuwa mkali kidogo. "Mwongozo unamwambia mteja abadilishe" si jibu. Kijana yuko sahihi. Nenosiri moja kwa wote maana yake ni kwamba anayelijua la hoteli moja ameshika funguo za hoteli zote, na mfanyakazi yeyote aliyewahi kufanya kazi katika mojawapo analijua. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na vifaa vya intaneti kwa kutumia orodha fupi tu ya manenosiri ya kiwandani, yapata jozi 60. Wenye vifaa hivyo nao walikuwa na miongozo. Uingereza imefika mahali pa kuyapiga marufuku kisheria manenosiri ya jumla kwenye vifaa vya nyumbani vya intaneti, tangu tarehe 29 Aprili 2024. Ukiandika hadharani kwamba mteja ndiye hakusoma mwongozo, utakuwa umegombana na wateja wako wote kwa mpigo.

Fanya hivi. Wapigie simu, ukianza na wale ambao ukurasa wao wa msimamizi unafikika kutoka nje kwa intaneti. Kaa nao kwenye simu mpaka nenosiri libadilike. Toleo jipya la programu lije na nenosiri lake kwa kila usakinishaji, na likatae kufanya kazi mpaka mteja aweke la kwake. Kisha pekua kumbukumbu za kuingia: je, kuna aliyeingia kwa nenosiri lile kutoka mahali pasipojulikana? Hili ndilo litakalokupa usingizi au kukunyima. Kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hoteli ndiyo mdhibiti wa data za wageni, yaani mwenye kuamua zitumikeje, nawe kwa kazi hii ni mchakataji, anayezishughulikia kwa niaba yake. Ukigundua data binafsi zimefikiwa na asiye na idhini, unatakiwa umwarifu mdhibiti bila kuchelewa, na pale inapowezekana ndani ya saa 48; naye, ikiwa kuna hatari ya kweli ya madhara, ana saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data. Saa hizo zinaanza kuhesabiwa ukishajua.

Na ukiulizwa ni wateja wangapi wako hatarini, taja idadi ya juu kabisa inayowezekana. Okta, kampuni ya kusimamia utambulisho wa watumiaji, imetuonyesha njia zote mbili. Mwaka 2022, walipoingiliwa na wadukuzi, walichelewa kusema, na walikiri kwamba kutowaarifu wateja mapema lilikuwa kosa. Lakini walipotaja hesabu walitoa kikomo cha juu, wateja 366, na uchunguzi ulipokwisha ikaonekana walioguswa hasa ni wawili. Mwaka 2023 walidukuliwa mfumo wa kuhudumia wateja. Safari hii walisema ni wateja 134, chini ya asilimia 1. Mwishoni mwa Novemba wakarudi kusema kwamba majina na anwani za barua pepe za watumiaji wote wa mfumo ule zilichukuliwa. Hesabu ikishuka, watu hupumua. Ikipanda, hata ulichosema kweli mwanzoni hakiaminiki tena.

Hoja ya tatu unaiita uongo mtupu, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Nakuamini kwamba hamuuzi. Lakini niulize: programu yenu ikikuta faili inayoitilia shaka, huifanya nini? Programu nyingi za ulinzi siku hizi hutuma nakala ya faili hiyo kwenye seva ikachunguzwe. Hoteli ya Watamu ina folda ya picha za pasipoti za wageni. Picha hizo zikiwa ndani ya faili moja na makro iliyotiliwa shaka, au zimefungwa pamoja kwenye faili iliyobanwa ya zip, zimekwenda kwenye seva yako. Huenda hicho ndicho kijana alichokiona: faili kubwa ikitoka saa nane usiku kwenda mahali asipopajua. Akakosea sababu. Ila aliona kitu.

Kaspersky, kampuni ya Urusi, ilieleza yenyewe Oktoba 2017 kwamba mwaka 2014 programu yake ilichukua kutoka kompyuta ya nyumbani ya mtumiaji mmoja Marekani faili ya zip iliyotiliwa shaka, na ndani yake mkakutwa siri za kijasusi za nchi hiyo. Walisema mkurugenzi wao aliamuru zifutwe. Hawakuishia kwenye kukanusha: walifungua vituo ambako serikali na wateja wanaweza kuukagua msimbo wao, na wakahamishia Zurich kazi ya kuchakata faili za wateja wengi. Marekani haikuridhika, na mwaka 2024 ikapiga marufuku uuzaji wa programu zao nchini mwake. Jibu zuri halikupi hakika ya kushinda. Hapo palikuwa na siasa za mataifa pia. Lakini wanunuzi wa nchi nyingine walipata cha kukipima.

Avast, kampuni nyingine ya programu za kuzuia virusi, ni upande wa pili. Januari 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba data za matembezi ya mtandaoni zilizokusanywa na programu zake zilikuwa zinauzwa kupitia kampuni tanzu yake, Jumpshot. Maelezo yake yalikuwa kwamba data zimeondolewa utambulisho wa watu. Jumpshot ilifungwa siku chache baadaye, na Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani ikaitoza Avast dola milioni 16.5, ikisema data zile zingeweza kurudishwa kwa wenyewe. Tangu hapo mteja anayeshuku programu ya ulinzi kuuza data zake ana sababu ya kushuku, hata kama wewe huna hatia. Usimwone ana dharau.

Basi usikanushe tu, onyesha. Andika kwa lugha ya mwenye hoteli: hizi ndizo faili zinazotoka, zinakwenda seva iliyo nchi fulani, zinakaa siku kadhaa, zinafutwa. Weka ndani ya programu ukurasa unaoorodhesha kila faili iliyotoka kwenye kompyuta ile, na siku yake. Nyaraka na picha zisitoke kabisa bila mwenyewe kubonyeza ndiyo. Kwa kazi nyingi alama ya faili, yaani ile hesabu fupi inayoitambulisha, inatosha. Kisha mwalike kijana afungue Wireshark, programu ya kutazama data zinazopita mtandaoni, kwenye mtandao wa hoteli yake, kwa ruhusa ya mwajiri, aangalie kinachotoka kabla na baada ya marekebisho, na achapishe atakachokiona. Akichapisha yeye kwamba hakuna pasipoti inayotoka, itakuwa na uzito kuliko matangazo yako kumi.

Bango la asilimia 100 liondoe kesho asubuhi, usingoje tarehe ya kulipia jipya. Hakuna programu ya ulinzi duniani yenye hiyo asilimia, na kila fundi anajua. Mahali pake andika unachokifanya kweli, kwa mfano kwamba simu hupokelewa mpaka usiku na fundi anafika Lamu.

Ikiwa siku nyingine utasingiziwa na mshindani, au mtu akashikilia jambo ulilokwisha kulithibitisha kuwa si kweli, jibu mara moja, kwa ushahidi, katika sehemu moja, kisha acha. Wafanyakazi wako wasiingie kubishana kwa akaunti zao. Mwanasheria ana nafasi yake pale mtu anapotunga nyaraka za uongo au kutishia watu wako. Kwa kijana huyu hana.

Na weka mlango wa kubisha hodi kabla ya hili kutokea tena. Kuna utaratibu wa kimataifa, RFC 9116 wa mwaka 2022: faili ndogo ya maandishi iitwayo security.txt kwenye tovuti yako, inayosema wa kumwandikia ni nani na tarehe ya mwisho ya kutegemea maelezo hayo. Ni kazi ya dakika kumi. Ongeza ahadi tatu: kwamba atakayeandika atajibiwa ndani ya siku mbili; kwamba anayepima kwa nia njema kwenye mfumo wake au alioruhusiwa hatashtakiwa; na kwamba baada ya marekebisho, au baada ya siku 90 kama wafanyavyo watafiti wa Google, ana uhuru wa kuchapisha. Anwani hiyo isomwe na mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha sasisho, isiwe ya mauzo.

Umeniuliza pia kuhusu kumwajiri ili maneno yaishe. Kwa sababu hiyo, usimwajiri. Kila mtu atasema amenunuliwa, naye mwenyewe atajua ni kweli. Ukitaka kumlipa kwa kazi aliyoifanya, mlipe: kampuni nyingi hulipa wanaoziletea kasoro. Mwambie kiasi, mwambie ni kwa ajili ya nenosiri na sasisho, wala usimtie saini karatasi ya kunyamaza. Mtaje kwa jina kwenye ripoti yako kama mwenyewe ataridhia. Ila kwa kuwa aliyagundua akiwa kazini, muulize kwanza kama mwajiri wake anamruhusu kupokea, na malipo yapite wazi kwa maandishi, hoteli ikijua.